Ghorofa Mia Tatu za Delta

Sehemu ya Tisa

Kwa siku saba nzima, msomaji, umemwacha Gharibu Mwinyimvua mguu mmoja kwenye ngazi na mwingine kwenye tope. Wewe umekula, umelala, umekwenda sokoni na kurudi. Yeye yuko palepale. Na nyuma yake, suruali imekunjwa hadi magotini na viatu vya ngozi mkononi, Mkurugenzi kutoka Dar es Salaam bado anasubiri jibu la swali aliloliuliza wiki iliyopita.

"Gharibu, hii ndiyo ghorofa?"

Gharibu aliinua macho. Mbele yake palikuwa na dungu: kibanda cha makuti juu ya nguzo sita za mikoko, katikati ya shamba la mpunga, ngazi ya vijiti saba, kuku wawili na sufuria moja iliyofunikwa.

"Ndiyo, Mkurugenzi," alisema. "Hii ni ghorofa ya kwanza."

"Na ya pili iko wapi?"

"Ya pili haijajengwa."

Kwa faida ya waliochelewa kujiunga nasi: Gharibu alikuwa karani wa ghala la ushirika pale Kibiti, mpaka soko huria lilipoingia kwa mlango wa mbele na ushirika ukatoka kwa mlango wa nyuma. Alibaki na kalamu mbili, barua ya shukrani na mke mwenye nyumba. Ndipo ikaja kampuni ya Makao Konsalti. Daraja la Ndundu lilikuwa linakaribia kwisha, lami ilikuwa njiani, na Dar es Salaam ikagundua ghafla kwamba Kibiti ipo. Wataalamu wakatangaza kwamba muda si mrefu mtu atafanya kazi Posta, katikati ya Dar, na kulala Kibiti, maneno ambayo hakuna aliyewahi kupanda basi la kusini angeyasema bila kucheka.

Basi ikatakiwa tathmini ya makazi. Nani anakaa wapi, nyumba yake ikoje, sokoni inafaa bei gani, na juu ya yote, kitu ambacho Mkurugenzi, jina lake Zaidi, alikibuni mwenyewe na kukiandika kwa herufi kubwa: KIWANGO CHA KUKALIKA. Gharibu akapewa baiskeli, kofia na fomu mia sita.

Fomu zenyewe zilitungwa na mtu ambaye hajawahi kulowa. Ziliuliza: nyumba ni ya chini au ya ghorofa? Visanduku viwili, weka alama kwenye kimoja. Gharibu alipofika Nyamakole, kitongoji cha wakulima wa mpunga huko Delta, alifikiri mpaka kofia ikamwasha. Dungu si nyumba ya chini, kwani huko chini hupita viboko. Akaweka alama kwenye ghorofa.

Maji yako nje au ndani ya nyumba? Wenyeji walimjibu kwamba mwaka wa mafuriko makubwa yalipanda mpaka kwenye chungu cha mboga. Ndani. Usafiri uko umbali gani? Mtumbwi hufungwa kwenye ngazi. Mlangoni. Je, pana ulinzi? Kuna mama mwenye debe tupu na rungu, anayekesha kufukuza nguruwe na tumbili. Upo.

Hakuna alama hata moja iliyokuwa ya uongo. Lakini zilipojumlishwa Dar es Salaam, Nyamakole ilitoka na ghorofa mia tatu na kumi na mbili, maji ndani, usafiri mlangoni na ulinzi wa saa ishirini na nne. Ikapewa Daraja A. Iliipita mitaa kadhaa ya Dar wanakokaa mabalozi.

Sasa turudi kwenye tope.

"Nyie mnatafuta nini chini ya nyumba yangu?" sauti ilitoka juu.

Alikuwa Bi Mwantumu, mwenye dungu, mwanamke wa miaka hamsini hivi, kanga kiunoni na kisu cha kuvunia mkononi. Zaidi alijiweka sawa, kadiri mtu mwenye viatu mkononi anavyoweza kujiweka sawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hivyo viatu unauza?"

"Hapana, mama. Mimi ni Mkurugenzi wa Makao Konsalti. Tumekuja kuona nyumba. Hii ni ya nani?"

"Yangu miye. Nguzo nimekata mwenyewe, makuti nimesuka mwenyewe. Mume wangu kanishikia ngazi."

"Ukipata bei nzuri utaiuza?"

Bi Mwantumu alimtazama kwa huruma. "Kwani baba, una mpunga?"

"Sina."

"Basi ukae humu ulinde nini?"

Kwa swali hilo, kazi ya kiwango cha kukalika ilikuwa imekwisha. Lakini Zaidi hakuwa mtu wa kushindwa na mwanamke mwenye kisu cha kuvunia. Alikamata ngazi ili akaone mwenyewe. Kijiti cha kwanza kilimvumilia. Cha pili kililia. Cha tatu kikakatika, na Mkurugenzi akakaa kitako kwenye tope, taratibu na kwa heshima zote.

Gharibu alifumba macho. Aliyafikiria mambo mawili: baiskeli itakayorudishwa, na uso wa mkewe akisikia kwamba amefukuzwa kazi ya pili. Akasikia kicheko. Alipofumbua macho, aliyekuwa anacheka ni Zaidi.

"Twende botini," Zaidi alisema akijifuta. "Nina habari njema kwako."

Boti ya mashine iliondoka Nyamakole kurudi gati la Nyamisati. Zaidi alikaa juu ya gunia, akafungua mkoba, akatoa kitabu chenye jalada la rangi. Juu ya jalada palichorwa nyumba ya ghorofa nne, bustani, na familia ya watu wenye meno meupe wakitabasamu.

"Ripoti," alisema. "Nakala mia mbili. Wawekezaji wanayo tangu Jumatatu."

"Mkurugenzi, si tuirekebishe? Tuandike dungu."

"Jalada la rangi halirekebishwi, Gharibu."

"Lakini wakija kuona?"

"Wewe umeona mwekezaji gani akaja Delta? Ripoti ya namna hii haisomwi. Inanukuliwa." Zaidi alitoa karatasi moja. "Hii ni Hati ya Uthibitisho. Jumamosi kuna mkutano kwenye ghala la ushirika. Utasimama, utasema kila kilichomo umekiona kwa macho yako, utatia saini. Jumatatu wewe ni Meneja wa Tawi la Kibiti. Ofisi, simu ya mkononi, na kiti kile kinachozunguka."

Gharibu alijiona. Msomaji, usimlaumu, hata wewe ungejiona. Alijiona anazunguka kushoto, anazunguka kulia, na Kuruthumu mkewe amesimama mlangoni akisema "Karibu chakula, Meneja." Miaka sita alikuwa ameishi kwa kuulizwa na watoto kwa nini baba haendi kazini. Kiti hicho alikitaka kwa roho yake yote.

Akafungua ripoti ili auone ushindi wake. Ukurasa wa arobaini ulikuwa na kichwa cha habari: KIBITI BARABARANI, NYUMBA ISHIRINI NA MBILI, DARAJA D, HAZIKALIKI. INASHAURIWA ZINUNULIWE NA KUBOMOLEWA. Chini yake majina. Na ya kumi na saba: Kuruthumu binti Abdillah.

"Mkurugenzi, hii ni nyumba ya mke wangu."

"Naijua. Nimekula wali pale."

"Ya tofali, ya bati! Nani kasema haikaliki?"

Zaidi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe."

Hapo ndipo Gharibu alipoikumbuka siku ile. Mwezi Rajabu alimleta Zaidi na wageni wengine wawili nyumbani kwa chakula cha mchana bila kutoa taarifa, na wali ulipofika, ili kuwaonyesha wageni nani mwanamume wa nyumba, akasema chumvi imezidi. Wageni walipoondoka Kuruthumu aliingia ndani. Alifunga mlango kwa komeo. Gharibu alibaki barazani tangu adhuhuri mpaka alasiri, jua la uso, hana cha kufanya ila fomu moja tupu. Akaijaza.

Utulivu: hakuna. Majirani: wanachungulia. Usalama: mgeni yuko salama kuliko mwenyeji. Na mwisho, penye maoni ya mthamini, aliandika sentensi mbili ambazo kwa sasa zilimtoa jasho baridi katikati ya mto. Alikusudia kuichana. Ikaingia kwenye bahasha pamoja na nyingine.

"Niliandika kwa hasira," alisema.

"Fomu haina kisanduku cha hasira," alisema Zaidi. "Sikiliza. Nyumba za barabarani ndizo wanazozitaka. Lami ikifika, hapo patakuwa na kituo cha mafuta na hoteli. Daraja A wanaalikwa chakula na kubembelezwa bei, Daraja D wanapewa pesa ya kununulia bati tu. Kila mwenye nyumba atapata karatasi mbili: ya kijani ya kukubali, nyeupe ya pingamizi. Mwisho ni Jumamosi, kabla ya adhana ya adhuhuri. Asiyerudisha hata moja, amekubali." Alimpigapiga begani. "Na wewe, kama Meneja, utapewa nyumba ya kampuni. Hasara yako iko wapi?"

Hasara yake ilikuwa na jina, na ilikuwa inamsubiri Kibiti.

Ijumaa asubuhi Gharibu alikwenda dukani kwa Hansaben kununua sabuni ambayo hakuihitaji. Hansaben, ambaye Kibiti nzima inamwita Mama Jay, alizaliwa nyuma ya duka hilohilo, na baba yake alizaliwa humohumo. Nyumba yake ilikuwa ya kumi na nane kwenye orodha. Karatasi mbili zilikuwa mezani chini ya jiwe la mizani.

"Baba Ummy, njoo unisomee," alisema. "Macho yangu mabaya leo. Wameandika mimi naishi mahali hapakaliki. Miaka hamsini na nne. Sasa nashangaa, mimi ni mzima au ni mzimu?"

"Mama Jay, ni utaalamu tu."

"Utaalamu. Na Nyamakole wana ghorofa."

Gharibu alikazia macho sabuni.

"Mimi nauza misumari," Hansaben aliendelea. "Nyamakole nzima, tangu nianze duka, imenunua misumari kilo moja na nusu. Nusu ilirudishwa. Ghorofa mia tatu wamefunga kwa nini, kwa kamba?"

"Kwa kamba," Gharibu alikiri, kabla hajajizuia.

"Ahaa."

Hansaben aliinua jiwe la mizani, akalirudisha.

"Kesho utasema mbele za watu?"

"Nikisema, kazi sina."

"Usiposema, nyumba huna. Chagua." Halafu sauti yake ikalegea kidogo. "Na Kuruthumu ameiona ile fomu yako?"

"Fomu gani?"

"Baba Ummy. Yule dereva wa Makao anakunywa soda hapa. Kanisimulia mpaka nukta. Kwangu umeandika choo kiko nje, kweli kiko nje, sina neno. Lakini yale uliyoandika juu ya marehemu mama yake? Mwambie wewe mwenyewe, leo hii, kabla hajaambiwa na mtu."

Gharibu alitoka amenuia. Alikuwa mwanamume, alikuwa na ulimi, na kutoka dukani mpaka kwake ni hatua arobaini. Hatua thelathini za kwanza alikuwa shujaa.

Kwa bahati mbaya, siku hiyo Kuruthumu alikuwa na furaha. Hakuna kitu kigumu kama kukiri kosa kwa mke aliyefurahi. Alikuwa amepika wali wa nazi na kambare wa kukaanga, amevaa kanga mpya, na amemtandikia mumewe mkeka wa rangi, ule uliosukwa na mama yake, Bi Shufaa, ambao hutolewa Idi na msiba.

"Kula, baba Ummy. Watu wanasema utakuwa Meneja."

"Nani kasema?"

"Kibiti nzima. Umenificha mwenyewe." Alicheka. "Na hizi karatasi mbili walizoleta jana ni za nini? Kijani na nyeupe. Nikasema nisijaze mpaka mtaalamu wangu arudi."

Gharibu alimeza mwiba wa kambare. "Usijaze. Kesho baada ya mkutano hazitakuwa na maana."

Na hapo, msomaji, alidhani amepata njia. Akisimama kesho akasema ghorofa za Nyamakole ni madungu, ripoti nzima itaanguka. Ikianguka, fomu namba kumi na saba itaanguka nayo. Nyumba itapona, na Kuruthumu hatajua maishani mwake kilichoandikwa. Atapoteza kiti kinachozunguka, lakini atabaki na mke asiyejua kitu. Aliuona mpango huo kuwa wa kishujaa. Ulikuwa wa woga, ila umevaa kanzu.

"Nyumba hii ni nzuri sana," alisema ghafla.

Kuruthumu aliacha kutafuna. "Una homa?"

"Najisemea tu. Imara. Tulivu."

"Miaka kumi na tisa hujawahi kuisifu hata bati moja." Alimgusa paji la uso kwa nyuma ya mkono. Kisha akatazama ukuta, na akasema polepole, "Mama alisuka mikeka miaka kumi na mmoja kwa nyumba hii. Vidole vilikuwa havinyooki. Kila alipouza mkeka anaweka tofali tatu. Watu walikuwa wanamcheka: Shufaa, unajenga nyumba au unajenga kaburi? Akasema, najenga mahali binti yangu hataambiwa toka."

Gharibu alitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Akatia humo wali.

Jumamosi ghala la ushirika lilijaa. Waliokosa viti walikaa juu ya mizani ya zamani ya korosho, ile ambayo Gharibu aliisoma kwa miaka kumi na miwili. Mbele palikuwa na meza, kitambaa cheupe, maua ya plastiki na Zaidi aliyefua suruali. Wawekezaji hawakuja. Walituma salamu na kalenda.

Zaidi alisema kwa nusu saa. Alisema utandawazi, akasema fursa, akasema soko la nyumba halina macho wala masikio. Akasoma Daraja A, na wakazi wa Kibiti wakasikia kwa mara ya kwanza kwamba majirani zao wa Delta, ambao huja Kibiti kuomba dawa ya malaria, wanaishi kwenye maghorofa.

"Na sasa mthamini wetu, mwenyeji wenu, atathibitisha."

Gharibu alisimama. Hati ilikuwa mezani. Kuruthumu alikaa safu ya tatu, karatasi zake mbili zimekunjwa mkononi, akitabasamu. Hansaben alikaa nyuma yake na hakutabasamu.

"Jamaa zangu," Gharibu alianza. Akakohoa. "Jamaa zangu, ghorofa za Nyamakole ni madungu."

Ghala likapasuka kwa kicheko. Mtu mmoja alianguka kutoka kwenye mizani. Mwingine alipiga kelele, "Na mimi ninalo moja, naomba lifti!"

"Madungu mia tatu na kumi na mbili," Gharibu alisema, sasa kwa nguvu. "Niliyapanda kwa miguu yangu. Maji ya ndani ni mafuriko. Ulinzi ni debe. Fomu ilinibana, lakini aliyeweka alama ni mimi. Kazi naiacha. Saini sitii."

Walimpigia makofi. Kifua kilijaa hewa safi ambayo hakuwa ameivuta tangu ushirika ufe. Aliona aibu yake yote imeisha. Aliona mkewe amesimama pamoja na wengine, anapiga makofi mikono juu, machozi ya fahari machoni. Kwa muda wa makofi hayo Gharibu alikuwa mwanamume mwenye furaha kuliko wote Kibiti.

Zaidi alingoja makofi yaishe. Hakukasirika. Alikuwa anapanga karatasi.

"Ahsante, Bwana Gharibu. Nyamakole tutaifuta." Alilamba kidole, akafunua. "Lakini kila fomu inajitegemea. Kibiti Barabarani hakuna dungu. Kuna tofali na bati. Je, napo mthamini alibanwa?"

"Zote zifutwe!" Hansaben alisema kutoka nyuma.

"Mama, zitafutwa kama ni za uongo. Ndiyo maana nauliza." Alichomoa karatasi moja. "Namba kumi na saba. Hii hakuiandikia mtumbwini wala kwenye tope. Aliiandika barazani kwa nyumba anayolala mwenyewe. Wewe Bwana Gharibu, haya ni ya kweli au ya uongo? Jibu mojawapo. Nikuandikie."

Makofi yalikuwa yamekwisha. Gharibu alitazama saa ya ukutani, nayo haikumsaidia.

"Nilikuwa na hasira," alisema kwa sauti ndogo.

"Kweli au uongo?"

Akisema kweli, nyumba imekwenda. Akisema uongo, itabidi isomwe kwanza, mbele ya Kibiti nzima. Gharibu alifungua mdomo, na safari hii hapakuwa na wali wa kuutia.

"Nipe mimi," ilisema sauti.

Kuruthumu alikuwa ameshafika mezani. Alinyoosha mkono.

"Mama Ummy, usisome," Gharibu alimwomba. "Nakuomba. Twende nyumbani nikueleze."

"Nyumba yangu, karatasi yangu. Na kusoma najua." Aliichukua. Alisoma juu kwenda chini, kimya, midomo ikicheza kidogo. Alipofika penye maoni ya mthamini, alirudi juu kidogo, akasoma tena, kama mtu anayehakikisha jina kwenye bahasha. Halafu akaisoma kwa sauti, wazi, bila kutetemeka.

"'Nyumba hii haikaliki. Aliyeijenga hakuwa na nia ya kukaa na binadamu, na roho yake imebaki kwenye kila tofali.'"

Hansaben alifunika macho kwa mkono.

"Mwandiko wako," Kuruthumu alisema.

"Kuruthumu..."

"Nauliza tu. Ni mwandiko wako?"

"Wangu."

Aliikunja fomu mara mbili, taratibu, akaitia kifuani. Fahari ilikuwa imemtoka usoni, na hapakuwa na hasira iliyochukua nafasi yake. Gharibu angelipa chochote aione hasira.

"Mama yangu amekaa humo mpaka tukamtoa akiwa ndani ya jeneza," alisema. "Wanangu wanne wamezaliwa humo. Mimi nakaa humo. Sasa kama haikaliki, baba Ummy, wewe miaka kumi na tisa ulikuwa unakaa wapi?"

Gharibu aliyakazia macho maua ya plastiki.

Nje, kwenye kipaza sauti cha msikiti, muadhini alisikika akisafisha koo. Zaidi alitazama saa yake, akasogeza mbele kalamu yenye jina la kampuni.

"Mama, muda," alisema kwa upole.

Kuruthumu alizitandaza karatasi zake mbili juu ya kitambaa cheupe, bega kwa bega. Akachukua kalamu. Akamtazama mumewe mara moja, kama anavyotazamwa mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake.

Kisha akaivuta ile ya kijani, ya kukubali.